Simu ya Mama Efrazia

Mama Efrazia alikufa tarehe tisa Novemba, akazikwa tarehe kumi na moja, na mpaka Krismasi alikuwa bado anajibu meseji.

Aliyekuwa akijibu ni Janeth, binti yake wa pili. Hakujipa kazi hiyo mwenyewe. Siku ya mazishi, udongo haujakauka, ukoo ulikaa chini ya turubai pale Lukozi ukaamua kwamba Efrazia, mtoto wa kwanza, aliye mwaka wa mwisho wa chuo kikuu huko Ufini, asiambiwe. Ana mitihani Januari. Akiambiwa atachanganyikiwa, akichanganyikiwa atafeli, na akifeli uso tutauweka wapi? Mzee Anord, mume wa marehemu na mzee wa kanisa, mtu asiyekosa ibada wala asiyekosa neno, akasema uongo wa kumlinda mtoto si uongo, ni blanketi. Watu wakaitikia amina. Picha za msiba zikapigwa marufuku kwenye simu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwa mficha kifo hawakuacha neno, na watu wa Lukozi wakajiona wamepata mwanya.

Bahati yao, marehemu alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni. Mzee Anord akamwandikia Efrazia kwamba mama amekatwa rovu, daktari amemkataza kuongea miezi mitatu, na hataki kuonekana kwenye video na kile kidonda shingoni. Ataandika tu. Simu ya marehemu akakabidhiwa Janeth.

"Wewe ndiye unayejua alivyokuwa akiandika," alisema shangazi Sesilia, dada yake Mzee Anord. "Mwandikie mwenzio maneno ya kumtia moyo. Usije ukatuharibia."

Janeth aliandika, na akaandika vizuri mno. Marehemu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akituma mistari miwili kwa wiki, na mmoja ulikuwa wa kuuliza kama huko kuna mkaa. Mama huyu mpya aliandika kila siku. Aliuliza habari za theluji, alituma mistari ya Zaburi, alibembeleza. Efrazia akajibu kwa mapenzi ambayo marehemu hakuwahi kuyapata akiwa hai na masikio yake. Janeth aliyasoma huku akimenya viazi, na mara nyingine wivu ulimkaba hadi akaacha kumenya. Yeye ndiye aliyemwogesha mama miaka miwili, tangu miguu ilipoacha kumbeba. Hata hivyo kijiji kizima kilimwita yule mama kwa jina la mtoto aliye mbali.

Naye Janeth alikuwa na lake. Ana miaka ishirini na tatu, cheti cha kidato cha nne kinachosomeka, na barua ya chuo cha uuguzi inayomtaka aripoti Januari. Alipompelekea baba yake barua ile, Mzee Anord aliishika kwa ncha za vidole.

"Dada yako ndiye aliyefika mbali, ndiye mwenye macho," alisema. "Nimeshamdokeza kwamba tuna swali juu yako; Krismasi akipiga simu nitamuuliza mbele ya ukoo. Atakalosema ndilo."

Janeth hakuona tatizo. Mwaka mzima Efrazia alikuwa akimwambia, mdogo wangu vumilia, nakupigania kwa baba. Lakini mkesha wa Krismasi, ili kusafisha njia, akachukua simu ya marehemu akaandika kama marehemu, bila nukta wala mkato: Mwanangu amani kwako Janeth anataka kwenda kusomea unesi wewe waonaje.

Jibu lilikuja siku ya Krismasi yenyewe, watu wametoka kanisani, ukungu umekaa juu ya matuta ya kabichi, shangazi Sesilia anageuza pilau. Simu ilitetemeka ndani ya kanga ya Janeth. Akaenda kuisomea nyuma ya jiko.

"Mama yangu kipenzi, Krismasi njema! Huku theluji imefika magotini na saa tisa jua limeshazama. Mwaka jana siku kama ya leo nililia bwenini peke yangu. Mwaka huu nina raha, kwa sababu unaniandikia kila siku. Tumepika wali, mimi na Mnepali mmoja na dada wa Kinaijeria, tumevaa kofia za karatasi kama vichaa. Jana wenyeji walitupeleka makaburini. Wenzetu hawa mkesha wa Krismasi huwasha mishumaa kwa wafu wao, theluji yote inawaka. Mimi nilisimama tu na mshumaa wangu mkononi. Nikamshukuru Mungu kwamba sina wa kumwashia.

"Kuhusu Janeth, mama, kweli? Yule kichwa chake ni cha kupalilia karoti. Akienda, nani atakuogesha? Mwambieni mwakani. Kila mwaka mwambieni mwakani, atachoka mwenyewe. Au mtafutieni mume hapohapo Lukozi, awe karibu na wewe. Usimwonyeshe hii, anajua mimi namtetea. Nibariki, mama, kama kila Krismasi."

Janeth aliisoma mara tatu. Hakulia. Aliipita nyumba, akaenda mpaka mwisho wa shamba la karoti, kwenye kaburi. Lilikuwa limeshasakafiwa, na msalaba wake una jina na tarehe mbili kwa rangi nyeupe. Akapiga picha moja, jina likasomeka vizuri. Chini yake akaandika kwa mkono uliotulia kabisa: Mwanangu amani kwako Nami niwashie mmoja.

Akatuma. Alama zikageuka buluu papo hapo. Simu ikaita, akaiacha. Ikaita tena, akaizima. Tusidanganyane: alifurahi. Ilikuwa furaha mbaya, lakini ilikuwa yake, na kwa muda mrefu hakuwa na kitu kilicho chake.

Alirudi sebuleni akakuta sahani zimeshapangwa. Ilipofika saa nane simu ya Mzee Anord ikalia. Mzee akafuta mikono, akaweka sauti kubwa, akawanyooshea ndugu kidole, na wote wakapaza kwa pamoja, "Krismasi njema, Efrazia!"

Sauti ndogo ikajibu, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Mbona sauti hivyo?"

"Mafua, baba. Baridi." Akavuta pumzi. "Mama yuko wapi?"

Janeth angeweza kukohoa, angeweza kuangusha sahani. Hakufanya chochote.

"Mama yako yuko jikoni!" Mzee Anord alisema, uso umemchanua. "Amekaa kwenye kigoda chake anaonja pilau. Humsikii anavyogombana na masufuria?"

Shangazi Sesilia akagonga mfuniko kwa mwiko. Ndugu wakacheka, kama walivyokubaliana.

"Amevaa nini leo?" Efrazia akauliza.

"Kile kitenge ulichomtumia. Amependeza kama bibi harusi. Anakupungia mkono, mwanangu. Huyo, anakupungia!"

Kitenge kile walimzika nacho. Mle ndani kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyeacha kutafuna.

"Nampungia na mimi," Efrazia alisema. Sauti ilikuwa imenyooka sasa, imekauka. "Baba, mlikuwa na swali kuhusu Janeth."

"Ndiyo! Anataka kwenda chuo Januari. Wewe ndiye msomi wetu, ukoo wote unakusikiliza. Sema."

"Janeth yupo?"

"Nipo, dada," Janeth akasema.

"Vizuri. Mama bado ni mgonjwa, baba, au amepona?"

Mzee Anord akaweka kijiko chini. "Bado, bado. Si unajua lile koo."

"Basi Janeth aende vipi? Amwachie nani mama? Mimi nasema abaki amhudumie. Mama ana haja naye kuliko chuo. Au nimekosea?"

Mzee Anord aliwatazama ndugu zake, nao wakatazama sahani zao. Hakuna aliyeweza kusema kwamba nyumba ile haina mgonjwa. Janeth alikuwa na la kusema, lakini ili aliseme ingebidi kwanza aeleze, mbele ya baba yake na siku ya Krismasi, ni nani aliyetuma picha. Hata hivyo alinyanyua uso. Shangazi Sesilia, akidhani mtoto anataka kuitoa siri, akambana mkono kwa kucha mpaka damu ikatoka.

"Umenena, mwanangu," Mzee Anord alisema hatimaye. "Janeth hatakwenda popote mpaka mama yake apone."

"Asante, baba," sauti ya Efrazia ikajibu kutoka mezani. "Krismasi njema, mdogo wangu."