Mishono ya Rula

Kaka yangu hakuwahi kutengeneza keria mbili za juu ya gari zinazofanana. Wateja wetu walikuwa wenye Landrova kuukuu, magari yaliyokwisha kupinduka, kugongwa na kunyooshwa, na alipenda kusema kwamba paa la gari la miaka arobaini ni kama meno ya mzee, kila moja linaelekea linakotaka. Kwa hiyo alivuta uzi kutoka kona hadi kona, akapima juu ya gari lenyewe, ndipo akakata paipu. Mtaani walimwita Rula. Mimi waliniita Mashoto, kwa sababu nachomelea kwa mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyenifundisha nikiwa na miaka kumi na saba, na kwa miaka arobaini na mmoja tulisimama pande mbili za meza moja ya chuma.

Macho yake yalifika mwisho kabla yake. Hakusema. Nilijua siku nilipoona mshono wake wa kuchomelea umetoka nje ya kiungo, umelala juu ya paipu tupu kama konokono aliyepotea njia. Keria hubeba matairi, mahema na mapipa ya maji. Kiungo kikiachia barabarani, mzigo humwangukia anayekuja nyuma. Nilipaswa kumwambia siku ileile. Nilisimama karibu naye, nikafungua kinywa, naye akageuka akicheka.

"Umeona kitu hicho? Rula bado yupo, au hayupo?"

"Yupo, kaka."

Tangu hapo, kila alipokwenda nyumbani mchana kula na kujinyoosha, niliwasha grenda. Niliifuta mishono yake, nikachomelea upya, nikapaka rangi nyeusi. Akirudi alisifu rangi za siku hizi zinavyokauka upesi. Mkewe alijua.

"Shemeji," aliniambia mlangoni kwao, "huyu mtu akikosa chuma cha kugusa atanifia kwenye kiti. Muache hivyohivyo."

Nikamwacha hivyohivyo miezi minane.

Keria ya mwisho ilikuwa ya daktari wa mifugo, mtu mcheshi aliyeipenda Landrova yake kuliko ng'ombe wote aliowatibu. Kaka aliipima siku tatu. Daktari alipokuja kuichukua, tulikwisha kuifunga juu ya paa. Akaizunguka akipiga mluzi.

"Mzee Rula, mishono hii! Umeishona kwa cherehani?"

Kaka alifurahi mno. Akavua glavu, akapitisha kidole gumba juu ya kiungo kilichokuwa karibu.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikulifikiria kwa miezi minane. Nilikuwa nimeiga moto wake, mwendo wake, hata unene wa rangi yake. Lakini chuma kikipoa huacha vijiwimbi, na vijiwimbi huonyesha fundi alianzia wapi akaelekea wapi. Vya kaka vilikwenda kulia. Vyangu vyote vilikwenda kushoto.

Kidole kilisimama. Kikaenda kiungo cha pili, cha tatu. Akavuta stuli, akapanda, akashika vya juu. Vilikuwa viungo thelathini na sita, naye alivigusa vyote, huku daktari akinitazama mimi.

"Mashoto."

"Naam, kaka."

"Hata kimoja hukuniachia?"

Nikaishika stuli isiyumbe.

"Nimekuuliza."

"Hata kimoja."

"Aa, wazee wangu," daktari akasema, "si kazi ya nyumba moja hii?"

Kaka akashuka polepole, akitafuta sakafu kwa ncha ya kiatu. "Daktari, keria hii ameitengeneza mdogo wangu. Ni imara. Beba utakacho." Kisha akanigeukia, sauti chini. "Ungeniambia, ningekushikia paipu. Ningekushikia kwa moyo wangu wote. Wewe ukanikalisha kwenye usukani wa gari lililozimwa, nikawa napiga honi kwa mdomo."

Alinawa mikono kwa muda mrefu. Akamwomba daktari, si mimi, amfikishe nyumbani.

Aliishi miaka miwili zaidi. Nilimtembelea kila Jumapili, na hakunifungia mlango hata siku moja. Tulizungumza habari za magoti yetu, wajukuu, mvua. Nikigusia chuma, alimwomba shemeji aongeze sauti ya redio. Mara moja tu nilijikaza, nikamwambia, "Kaka, njoo karakana. Njoo unishikie paipu."

Aligeuza macho dirishani, ingawa dirisha alikuwa halioni tena.

"Ulikuwa na miezi minane ya kuniomba," akasema.

Shemeji akaleta chai. Tukanywa, nikaaga, nikarudi kwenye meza ile, nikabana paipu kwa jiriwa na kuchomelea peke yangu.