Faili Linatumika

Jumatatu asubuhi Castory alipeleka diski yake ya nyimbo za kwaya kwa fundi Miraji, Barabara ya Kumi, akaomba faili moja lifutwe lisipatikane tena. Ilikuwa SSD ndogo, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Miraji aliichomeka kwenye kompyuta, akasogeza kikombe chake cha kahawa, akabonyeza kufuta. Kompyuta ikajibu kwamba faili linatumika kwingine, lifungwe kwanza.

Miraji alifunga programu zote. Akazima mashine, akaiwasha upya. Akaiwasha tena kwa namna wanayotumia mafundi, yenye vitu vichache tu vinavyofanya kazi. Jibu likawa lile lile, na hata kulinakili kulishindikana. Alipogeuka ndipo alipomwona Consolata kwenye benchi la wateja, amevaa visikilizi, macho kayafumba, kidole kikipiga mapigo gotini. Alikuwa amefariki kabla ya Kwaresima.

"Mwalimu, huyu hapa ndiye analitumia," alisema Miraji.

Castory alitazama. "Consolata bwana. Hata kuzikwa hakujamtuliza."

"Dada, unakaribia kumaliza?" Miraji aliuliza.

"Bado ubeti wa tatu," alijibu Consolata bila kufumbua macho. "Sauti ya pili wanachelewa."

Wimbo wenyewe uliitwa "Umenihesabu". Consolata aliutunga mama yake alipofariki, akaifundisha kwaya ya kigango chao pale Chumbageni kwa mdomo, maana nota hakuzijua. Castory, mwalimu wa kwaya, aliurekodi siku ya mazoezi. Katika rekodi hiyo Consolata anasikika akisema kwamba wimbo ameutunga mwenyewe, kisha anamkatiza Castory, "Hapana, Mwalimu, hapo si hivyo," na kwaya nzima inacheka. Sasa wimbo ulikuwa unakwenda kwenye mashindano, na Castory alikuwa ameshajiandikisha kuwa mtunzi wake.

Alimpigia simu Yudith, mdogo wake Consolata. Yudith alikuwa na picha nyingi za dada yake, lakini sauti hakuwa nayo hata moja, na tangu mazishi alikuwa akimwomba Castory ile rekodi.

"Nataka nikutolee nakala leo," Castory alimwambia. "Ila dada yako kaling'ang'ania faili. Wewe atakusikiliza."

Yudith aliacha cherehani yake akaja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Na wewe je?"

"Mimi naruhusiwa," alisema Consolata.

Yudith alikaa karibu naye kwenye benchi. "Dada, liachie kidogo hilo faili. Mwalimu anataka kunipa nakala, niwe nakusikia."

"Mwalimu huyu?"

"Kaniahidi."

Consolata alimgeukia Castory. Castory aliweka mkono kifuani. "Mdogo wako ni mdogo wangu. Nimnyime sauti ya dada yake, nitaiweka wapi?"

Consolata alivua visikilizi, akaukunja waya vizuri, akauweka mezani. "Haya. Basi nisindikize."

Mgeni haachwi akaondoka peke yake, kwa hiyo Yudith alitoka naye. Walikwenda hadi kona, wakapita kona, wakaongea habari za msalaba wa kaburi ulioanza kuinama. Kwenye kivuli cha ukuta wa shule Consolata akasema, "Rudi sasa, jua litakuunguza," na Yudith akarudi.

Huko nyuma, kompyuta ilikuwa imeacha kulalamika.

"Nikifuta faili peke yake, jina litaondoka lakini sauti itabaki ndani," Miraji alimweleza Castory. "Na nikiandika juu yake, SSD haiandiki palepale. Inatafuta pengine, maana haitaki sehemu moja ichoke kuliko nyingine. Inagawa. Ukitaka lisirudi kabisa, diski yenyewe ipewe amri ijisafishe yote."

"Nyimbo nyingine nimeshazihamisha. Ipe amri."

"Na nakala uliyomwahidi mdogo wake marehemu?"

"Diski hii ya nani, Miraji?"

"Yako."

"Basi."

Yudith alipoingia, jasho likimtiririka, aliuliza nakala iko wapi.

"Limeharibika, mdogo wangu," alisema Castory. "Marehemu kalivuta mno."

Yudith alimtazama Miraji. Miraji aliangalia kahawa yake.

"Mimi ndiye niliyemwambia aachie," alisema Yudith.

"Na ulifanya vizuri," alijibu Castory, akachomoa diski.

Diski ilisafishika. Ila ilikuwa na tabia ya kugawa, nayo ikagawa. Kwenye mazoezi ya Jumatano kila mwanakwaya alipofika kwenye silabi moja ya wimbo, kila mmoja na yake, sauti iliyomtoka ilikuwa ya Consolata. Tadeo wa besi, mwenye sauti kama trekta la shamba la mkonge, alipata "he".

"He!" aliimba, laini kabisa, akajishika koo. "Jamani, mke wangu atanielewa kweli?"

"Afadhali wewe," alisema Brightness wa sauti ya kwanza. "Mimi nimepewa 'bu'. Mtu mzima naimba 'bu'."

Walicheka, wakaendelea. Castory aliwapanga upya kwa kufuata maneno, na walipoimba, sauti ya Consolata ilipita katika kwaya kutoka mtu hadi mtu, kama ndoo inayopokezanwa. Ilikuwa nzuri sana. Ilipungua silabi moja tu, ile "ni" ya katikati ya "Umenihesabu", iliyogoma kumtoka mwimbaji yeyote. Castory aliwasikiliza waimbaji wote asiipate, akaenda kwa Yudith.

Yudith hakuwa mwanakwaya. Lakini tangu Jumatatu kila alipotamka "ni", popote ilipokuwa ndani ya neno, ilitoka kwa sauti ya dada yake. Wateja wake walikuwa wameshazoea.

"Utashonewa sare," Castory alimwambia. "Uje uimbe silabi hiyo moja tu, basi."

"Mtunzi umemwandika nani?"

"Hayo yameshapelekwa, hayarudi."

"Basi imbeni bila yangu."

Silabi ya mwisho ya "imbeni" ilipotoka, Castory aliinamisha kichwa, akaisikiliza kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

"Yudith, ukiitoa hiyo inabaki 'Umehesabu'. Umehesabu nani sasa?"

"Wewe ndiye mtunzi," alisema Yudith.

Waliimba "Umehesabu", wakashinda. Padri alihubiri kwamba maneno hayo ni mapana zaidi, kwa kuwa Mungu amehesabu vyote, wala hakumtaja mtu mmoja. Kufika Pasaka wimbo ulikuwa unapigwa redioni karibu kila Jumapili.

Yudith aliusikia akiwa kwa muuza samaki. Palipokuwa na pengo, kinanda kilijaza, naye alikuwa amekaza midomo. Wimbo ulipoisha, mtangazaji alitaja utunzi wake Mwalimu Castory.

"Huyu bwana kajaliwa," alisema muuza samaki, akipangusa kisu. "Utadhani kafiwa yeye."

Yudith alichagua changu wawili.

"Nifungie hawa," alisema, na silabi ya kwanza ilitoka kwa sauti ya mtunzi. Muuza samaki akavuta gazeti, akafunga.