Kupatwa kwa Mara ya Tatu

Mwalimu Kandida aliingia choo cha walimu na haja yake, akatoka na kinyaa cha mwaka mzima. Msumarini, zimekatwa vipande vipande, zilining'inia karatasi zake za nyota.

Zilikuwa karatasi pana za kompyuta alizopewa na profesa wake wa chuo kikuu: hesabu za eksirei, miale isiyoonekana kwa macho, saa baada ya saa, kutoka kwenye nyota mbili zinazozungukana. Moja ni nyota ya nyutroni. Upana wake haufiki kutoka Babati hadi Magugu, lakini ni nzito kuliko jua. Inamfyonza mwenzake gesi, na gesi ikiiangukia inapata moto mpaka inatoa eksirei. Kandida aliona eksirei zikikatika siku ya nne, kisha siku ya nane, kana kwamba mwenzake amepita mbele na kuikinga, ikapatwa kama jua linavyopatwa. Mara mbili huenda ni bahati tu. Ya tatu ndiyo ingekuwa ushahidi, na ushahidi huo ungemrudisha chuoni kusoma, aachane na foleni za sabuni. Profesa alitaka grafu kamili kabla ya mwisho wa mwezi.

"Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, Mwalimu," alisema mkuu wa shule, Mwalimu Pantaleo, kwa uso mkavu. Mwaka huo wa 1984 karatasi ilikuwa adimu kuliko sukari, naye alizikuta kabatini akazichapia mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Iliposahihishwa, ikaenda chooni. "Mbele ni tarakimu tu."

Nyongo ilimpanda Kandida. Hata hivyo alirudi chooni kwenye nzi, akavitoa vipande kimoja kimoja kwa ncha za vidole, pumzi ameibana, akavipanga upya. Ukurasa mmoja ukakosekana: siku ya kumi na mbili.

"Si unajua zilipaswa kuwa ngapi?" Pantaleo akamwambia. "Jaza. Kwani ripoti za wakaguzi huwa tunazijazaje?"

Kandida alimwona mchafu kuliko choo chake. Siku tatu alimpita bila salamu. Siku ya nne, muda umekwisha, akachonga penseli akajaza. Tarakimu zikashuka, zikatulia chini kwa saa saba, zikapanda. Zilipendeza kuliko za kweli.

Kesho yake alikuwa stendi, bahasha yenye grafu ya profesa mkononi, basi la Arusha likiunguruma, Philomena, mwalimu wa Siasa, alipomfuata mbio.

"Samahani, Mwalimu, huu mtihani ulibaki ndani ya daftari langu. Nimesikia unautafuta."

Kandida akaugeuza. Siku ya kumi na mbili. Tarakimu zilikuwa juu tangu saa ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna kilichokatika.

"Ndio wenyewe?"

"Hapana," alisema, akimrudishia. "Kafungie maandazi."

Akamkabidhi kondakta bahasha. Kisha akatema mate, akatema tena, na bado mdomo ulikuwa mchungu.