Maombi ya Ghorofa ya Tatu

Kila Jumapili, saa saba kasorobo mchana, ibada ikiisha, maombi yalianza kuwasili chumbani kwa bibi wa ghorofa ya tatu. Yalitokea darini, karibu na taa, yakashuka taratibu mpaka sakafuni. Kila ombi lilikuwa jeupe, zito, ukubwa wa nusu tofali, na lilibaki na joto mpaka jioni. Halikulika, halikushika moto, halikunyonya maji. Bibi aliyatambua kwa harufu: hili la mama anayepanga maua madhabahuni, hili la kiongozi wa kwaya, maana linanuka vidonge vya kikohozi. Aliyasogeza kwa fimbo yake, akayapanga kando ya kitanda, roho yake kwatu.

Bibi alifua majoho ya kwaya miaka thelathini. Siku moja aliteleza ngazini na beseni la majoho, nyonga ikavunjika, na tangu hapo hakushuka tena. Maji ya bomba nayo yaliishia chini, uani. Kwa hiyo alihitaji kitu kimoja tu duniani: ndoo ya maji asubuhi na nyingine alasiri.

Mbebaji alikuwa fundi viatu, mwenye kibanda chini ya ngazi. Hakuwa mtu wa kanisa. Waumini walimpachika jina la Tomaso, naye aliitika tu, maana jina halimzuii mtu kushona soli. Alipanda vidato hamsini na vinne akihema, akajaza mtungi, akamwaga beseni, akamwinua bibi kichwa anywe.

"Ahsante, mwanangu. Lakini motoni utaingia tu."

"Nitaingia na ndoo yangu, mama."

"Haya, cheka. Mtu haokoki kwa ndoo."

"Kunywa kwanza. Mengine baadaye."

Fundi alimpenda bibi huyu kama aliyemzaa. Tuliseme hapa, maana mwenyewe hakuwahi kulisema.

Siku moja mchungaji na wazee wawili wa kanisa walikuja kumjulia hali. Walipoona maombi yamefika kimo cha kitanda, walifurahi mno. Mzee mmoja aliokota moja, akalipima uzito mkononi, akasema hili lake, analijua. Mchungaji akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, unahitaji nini? Usituonee aibu."

Fundi alikuwa mlangoni na ndoo, maji yakimdondokea kiatuni. Alimkazia bibi macho. Sema, mama, sema. Lakini katika kanisa lile swali hilo lilikuwa na jibu moja, na kila muumini alilijua tangu utotoni. Kutaja kitu kingine ni kusema kwamba Mungu hakutoshi.

"Maombi tu, mchungaji," bibi akasema.

"Amina," wakaitikia wote watatu. Wakampita fundi mlangoni, mmoja akipandisha suruali isilowe.

"Kwa nini hukusema maji?" fundi akauliza.

"Ningeonekana sina imani."

"Na siku nikiugua mimi?"

"Mungu yupo."

Fundi akasonya, akajaza mtungi.

Ikatangazwa wiki nzima ya kufunga na kumwombea bibi. Tuwatendee haki: waliomba kwa moyo, wengine mpaka machozi. Walikuwa mia tatu, na hakuna ombi hata moja lililopotea njia. Jumatatu yalijaza chumba. Jumanne yaliziba dirisha. Jumatano asubuhi fundi alikuta yamemwagika mlangoni na kuziba ngazi mpaka ghorofa ya pili. Akaanza kuyatoa kwa mikono. Akitoa moja, yanatua mawili. Nyuma ya lundo alimsikia bibi akiimba. Alasiri hakumsikia akiimba.

"Mwanangu, upo?"

"Nipo, mama."

"Mtungi umekauka."

Fundi alivuka barabara, akaingia kanisani na aproni yake, gundi vidoleni, ndoo mkononi.

"Jamani, acheni kidogo. Maji hayapiti. Au basi nipeni watu kumi tu, tubebe."

Hakuna aliyemfukuza. Mchungaji alishuka madhabahuni, akamshika bega kwa upole wa kweli.

"Fundi, wewe ni mtu mwema. Lakini wema haumwokoi mtu. Kinachokupungukia ni imani."

"Sikuja kuokoka, mchungaji. Nimekuja kutafuta watu kumi."

"Tutakuombea."

Wakainamisha vichwa, wote mia tatu. Aliporudi kibandani, ombi la kwanza lilikuwa limeshavunja cherehani yake.

Fundi alibomoa lundo siku tatu. Jumamosi jioni, waumini walipokwenda nyumbani kufungua mfungo, ndipo alipopata mwanya. Alimkuta bibi kitandani, midomo imepasuka, mikono ameikunja kifuani, na maombi yamemzunguka, yangali na joto. Akamnawisha uso kwa maji aliyokuja nayo, akalia kwa sauti mpaka ghorofa ya kwanza wakasikia.

Mchungaji alihubiri kwamba mama amekufa katika imani. Ilikuwa kweli, na fundi mwenyewe hakubisha. Daktari aliandika uzee.

Maombi yakaonekana yanafaa kujengea uzio wa kanisa. Siku ya kuyahamisha walijitokeza watu mia mbili. Walipanga mstari kuanzia ghorofa ya tatu, wakapokezana kwa mikono huku wakiimba, na kabla ya saa sita ngazi zilikuwa wazi, nyeupe pe.

Yaliyoombwa kwa ajili ya fundi hayakuguswa, kwa kuwa ni yake. Yalikaa kibandani mpaka kimo cha bega, na fundi alishonea viatu nje, juani, kwa sindano ya mkono. Ndoo aliiweka karibu, ingawa haikuwa na pa kwenda.

Jumapili moja mzee wa kanisa alisimama mbele yake, akamtazama kwa huruma.

"Fundi, unahitaji nini?"

"Mikono," fundi akasema. "Mikono miwili tu, kwa nusu saa."

Mzee akavua kofia, akafumba macho. Fundi akaisogeza ndoo kando, isije ikapasuka.