Sitelbanat Apata Ushago

Asubuhi moja ya Novemba, Sitelbanat wa Makina, Kibera, alifungua mlango wa nyuma wa jikoni amwage maji ya vyombo, akakuta ukuta wa jirani haupo. Mahali pake palikuwa na mlima. Si kilima, mlima hasa, wenye nyasi, mawe, ukungu na kondoo waliokuwa wakila bila kumjali mtu. Alimwaga maji yake. Yalichukua muda kufika bondeni, ndipo akajua ni mrefu.

"Jawahir," aliita. "Niletee sweta."

Jawahir, mjukuu wake, alikuja na sweta akachungulia juu ya bega lake. "Haboba, huo mlima ni wa nani?"

Haboba ni nyanya kwa Kinubi. Nyanya mwenyewe alivaa sweta kwanza.

"Sijui. Funga mlango, chai itapoa."

Sitelbanat, kama Wanubi wenzake, hakuwa na ushago, kijiji cha asili cha kurudi. Babu ya babu yake aliletwa kutoka Sudan na Waingereza, bunduki begani, akaonyeshwa msitu na kuambiwa akae. Akakaa. Msitu ukawa Kibera. Basi kila Desemba, wapangaji wa ploti yake wakifungasha kwenda Vihiga na Busia, walimwachia funguo zao, kuku wao, na televisheni zilizofunikwa shuka, kwa sababu yeye yuko tu. Mwaka mmoja kuku walizidi, hadi majogoo wakawa wanapokezana zamu ya kuwika.

Kuku hawakumsumbua. Kilichomsumbua ni kitambulisho cha Jawahir. Duka moja la dawa kule Olympic lilikuwa tayari kumwajiri, na mwenye duka alisema atamngojea kitambulisho mpaka Krismasi, si zaidi. Lakini kila Jawahir alipokwenda mbele ya wazee wa kuhoji, ambao bila idhini yao Mnubi hapewi kitambulisho, mwenyekiti wao, Bwana Kilonzo, alimuuliza lile lile.

"Kwenu ni wapi?"

"Makina."

"Hapo ni Nairobi, msichana. Kwenu kwenu?"

"Makina Makina," Jawahir alijibu mara ya mwisho, akarudishwa nyumbani akajifunze adabu.

Sasa mlima ulikuwepo.

Wa kwanza kuuona alikuwa Kavetsa, mpangaji wa zamani aliyehamia mtaa wa Kongo kule Kawangware na kuuza viazi pale kituo cha 56. Yeye alihama, lakini kuku wake alikataa kutunzwa na mtu mwingine. Kila mwisho wa mwaka ilibidi aletwe Makina. Kavetsa aliingia na kuku kwapani, akautazama mlima kuanzia chini mpaka juu, akaketi kwenye ndoo.

"Sitel! Umepata ushago!"

"Naona."

"Na huyu kuku wangu atakaa na nani?"

Walicheka mpaka kuku akataga. Kisha Kavetsa akamfunza mwenzake, maana kwenda ushago kuna taratibu zake. Unabeba mkate, sukari, mafuta ya kupikia, na blanketi la kumpa mtu usiyemkumbuka. Unaaga ploti nzima kwa sauti. Ukirudi, unalalamikia barabara.

Sitelbanat alifuata yote. Alivaa gurbaba yake ya maua, akagonga kila mlango akisema, "Jamani, mimi nimeenda ushago, tusameheane." Funguo alimkabidhi Shiundu, fundi wa viatu wa chumba cha mwisho, aliyezipokea kama mtu aliyepewa mayai. Halafu akaingia nyumbani kwake, akapita katikati ya jikoni yake na mkate kichwani, akatoka kwa nyuma. Jawahir alimfuata na blanketi. Shiundu aliwapungia kwa kiatu cha mteja.

Huko juu watu walikuwa wachache mno. Nyumba moja upande huu, nyingine ng'ambo ya bonde, na katikati upepo tu. Mwenye nyumba ya karibu, mwanamke aitwaye Nelima, alikuwa akichimba viazi peke yake. Aliinuka, akapangusa mikono.

"Mama, Jumatatu ulikohoa. Umepona?"

"Nimepona. Kumbe ulinisikia?"

"Tunakusikia miaka yote. Huku mtu akikohoa ni habari. Tunaijadili wiki nzima."

Hakumuuliza kwao ni wapi. Alimuuliza kama anajua kuchimba viazi bila kuvikata, maana mlimani shamba ni jingi na mikono ndiyo haba. Sitelbanat alivikata vingine. Salamu zilikula nusu ya asubuhi, kwani baada ya hapo hakukuwa na mwingine wa kusalimiwa. Jawahir alifunzwa kukamua. Ng'ombe alimchapa mkia usoni, naye akaangua kicheko, na kicheko kikavuka bonde. Baada ya kitambo likarudi swali kutoka nyumba ya ng'ambo: wanaomba waambiwe kinachochekesha, hata wao wacheke. Sitelbanat alipokaanga gurusa, chapati zile laini za Kinubi, mzee mmoja alifuata harufu tangu bonde la tatu, akafika amechoka kabisa, akala moja, akashukuru, akaanza safari ya kurudi.

"Chukua shamba," Nelima alisema. "Anzia hapa, tembea mpaka uchoke. Hakuna mtu."

Sitelbanat alichoka mapema, kwa heshima.

Alirudi na gunia la viazi. Kavetsa aliviuza pale 56 kabla ya saa sita. "Na barabara?" aliuliza Shiundu, akimrudishia funguo. "Usiniambie," alisema Sitelbanat, akaketi akijishika kiuno. "Barabara mbaya!" Alisema hivyo kwa raha ambayo hakuwahi kuipata maishani.

Wiki iliyofuata Jawahir alisimama tena mbele ya wazee.

"Kwenu kwenu?"

"Mlimani. Nyuma ya jikoni."

Bwana Kilonzo alisema jambo kama hilo lazima lionwe kwa macho. Alikuja na wazee wenzake wawili. Walibisha hodi, wakapewa sweta, wakapitishwa kando ya jiko.

Mlimani, wazee wa kuhoji waliusahau uzee. Mmoja alijiviringisha kwenye nyasi mpaka chini, akapanda akaviringika tena. Wa pili alilipaza jina la mke wake bondeni, na mke wa mtu mwingine ng'ambo akaitika. Bwana Kilonzo alilegeza tai, akanywa maziwa mpaka akaota masharubu meupe, akamnunua kondoo mnene na kuzunguka naye kama bibi harusi.

"Huyu mnamjua?" alimuuliza Nelima, akimwonyesha Jawahir.

"Wa hapa," alisema Nelima. "Anakamua vibaya, lakini wa hapa."

Walirudi jikoni wakinuka moshi na furaha. Bwana Kilonzo alipangusa matope, akakaza tai, na tai ilipokaza, sauti yake ikarudi kuwa ya ofisini.

"Mama, mlima tumeuona. Mzuri, hauna ubishi. Sasa, kabla ya mlima mlikuwa wapi?"

"Makina."

"Ndiyo. Na kwenu kwenu?"

Jawahir alitazama sufuria. Akaambiwa arudi Januari. Mwenye duka la dawa hakuweza kungoja, kazi akampa Bridgit, msichana mzuri tu, mwenye kitambulisho na kwao.

Krismasi ilipokaribia, ploti ikafungasha. Kuku wakaja, televisheni zikaja. Siku ya mwisho, mchana, akaja Bwana Kilonzo mwenyewe, amevaa kofia ya safari, anamvuta yule kondoo wake kwa kamba.

"Mama, naenda kwetu Kitui. Wenye basi wamemkataa huyu. Nikasema nikuletee, si wewe uko tu?"

"Niko tu," alisema Sitelbanat, akapokea kamba.

Alimpitisha jikoni, akamfungulia mlango wa nyuma. Kondoo aliingia kwenye ukungu, akang'oa nyasi, akakohoa.

"Nani huyo mgeni?" Nelima aliuliza kutoka juu.

Jawahir alikuwa akiosha vyombo. Alitoka na povu mpaka viwikoni, akavuta pumzi.

"Ni wa hapa!"

"Haya!" likaja jibu, na la pili kutoka ng'ambo, "Haya!" Kondoo akawa wa hapa, saa hiyo hiyo, kabla hajamaliza kutafuna.