Isale la Mpakani na Mnara wa Lyamoro

Kila Jumapili baada ya misa, kabla hajaonja chochote, Anyesi alipanda hadi kwenye jiwe ambalo watu wa Lyamoro waliliita Posta. Halikuwa na barua wala stempu. Lilikuwa jiwe jeusi, pana kama meza ya karamu, kwenye ukingo wa juu kabisa wa kitongoji, mahali ambapo miteremko ya Kilema inafunguka na mtu akaiona tambarare yote mpaka Moshi mjini. Hapo tu ndipo simu ya mkononi ilipokamata mtandao. Ukishuka kidogo kuelekea migombani, mgongo wa kilima ulikuja katikati na sauti ya mwanao ikakatika ukiwa bado hujamuuliza kama amekula.

Basi watu walisimama juu ya jiwe lile kwa zamu, wakiwa na nguo zao za kanisani, na kila mmoja alisikiliza mambo ya mwenzake hata asipotaka. Posa za watu zilijadiliwa pale. Bei ya kahawa mnadani Moshi iliulizwa pale, na wanunuzi binafsi waliozoea kupita majumbani na bei zao za kutunga walianza kujibiwa na akina mama waliokwisha kuijua bei ya kweli. Anyesi alizungumza na binti yake Pamela, muuguzi kule Dodoma, huku mwenyekiti wa kitongoji akikohoa nyuma yake kumkumbusha kwamba foleni ni ndefu.

Marehemu mume wake, Vedastus, alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Mwaka 1986 aliomba laini ya simu, ile ya waya. Zama zile shirika la simu nchini lilikuwa moja tu, la serikali, na mwombaji alisubiri kama anayesubiri mvua. Vedastus aliambiwa laini zimejaa, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa nguzo hazijafika. Baadaye serikali ikafungua mlango, makampuni yakaingia na simu zisizohitaji waya, yakaanza kugombea wateja mjini kama wachuuzi wa stendi. Ila Vedastus aliaga dunia akiwa bado kwenye orodha ya wanaosubiri. Alizikwa katika kihamba chake, shamba la urithi, kati ya migomba na mibuni, na hakuna waya uliowahi kukatiza juu ya kihamba hicho.

Ndiyo maana mwaka 2002, kampuni moja ilipomtuma mhandisi kijana, Januari, mzaliwa wa Tabora, kutafuta mahali pa kusimika mnara upande ule, Anyesi aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeletewa haki yake. Januari alipima, akatazama kwa darubini yake, akasema mgongo wa kilima ulio juu ya kihamba cha Anyesi unafaa kuliko mahali pengine pote. Kikwazo kilikuwa njia. Gari lingeweza kufika tu kwa kupita mpakani, kati ya kihamba cha Anyesi na cha shemeji yake Melkior, kaka mkubwa wa Vedastus.

Melkior hakupinga. Alikuwa mzee mwenye goti bovu, ambaye kwa miaka miwili hakuweza kupanda mpaka Posta. Mwanawe Martin alikuwa kazini Mbeya, na Krismasi iliyopita alimpelekea baba yake simu ya mkononi kwa mkono wa msafiri. Mzee aliiweka ndani ya kitambaa, akaipeleka dukani kuchajiwa kila ilipozima, ingawa nyumbani kwake haikuwa na kazi hata ya kijiko. Alimwambia Anyesi apitishe njia yake, na kipande cha ardhi yake kitakachohitajika akichukue.

Hapo ndipo Anyesi alipoharibu.

Wapimaji walipokuja kunyoosha mstari wa njia, walikuta isale limesimama katikati. Mgeni angeona mmea tu, wenye majani marefu ya kijani, wa aina inayopandwa mipakani kote Uchaggani. Lakini lile lilipandwa na baba yake Vedastus na Melkior siku alipowagawia wanawe ardhi, na mpaka wa isale haung'olewi na mtu mmoja. Wapimaji waliuliza nani wa kuulizwa. Anyesi hakutaka kupoteza asubuhi. Alichukua jembe, akaling'oa, akalitupa kwenye lundo la samadi nyuma ya banda la ng'ombe, akawaambia waendelee.

Melkior hakuja kugomba. Upimaji ukaisha. Lakini asubuhi gari la kampuni lilipopanda na mafundi wa kuchimba msingi, walimkuta ameketi juu ya kigoda katikati ya njia, palepale lilipokuwa isale, fimbo ikiwa mapajani.

“Shikamoo, mzee,” Januari alimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na gari zuri. Ligeuze.”

Anyesi alishuka mbio kutoka nyumbani akamkumbusha kwamba alikwisha kukubali. Melkior alijibu kwamba alikubali kutoa ardhi, hakukubali kufutwa. Anyesi alikuwa mama wa maneno makali, mweka hazina wa kikundi cha wanawake, naye hakuzoea kubishiwa mbele ya wageni.

“Ni jani tu, shemeji,” alisema. “Watu wanaongea na Ulaya, sisi tunalilia jani.”

“Kama ni jani tu, mbona baba alilipanda kwa mkono wake, asimtume mtu?”

Mtendaji wa kijiji aliletwa na muhuri wake, akaeleza maendeleo na sheria kwa kirefu. Melkior alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamuuliza kama mama yake hajambo. Januari naye, kwa nia njema, alitaja kwamba kampuni inaweza kulipa fidia ya mmea. Mzee aligeuza uso akatazama mibuni yake, na mafundi waliotoka mlimani wakainamisha vichwa kwa aibu ya mgeni wao.

Mwishowe Januari alimwita Anyesi pembeni. Alimweleza bila kuficha kwamba wakubwa wake hawana subira. Makampuni yalikuwa yanakimbizana, kila moja likitaka kuwa la kwanza mlimani, na kwenye kilima cha ng'ambo ya korongo, ingawa hakifai sana, wenyewe walikwisha kufyeka njia na kuchagua mbuzi wa kuukaribisha mnara. Angesubiri hadi Jumatatu. Njia isipofunguka, mnara ungekwenda ng'ambo, na mgongo wa kilima ungeendelea kuizibia Lyamoro kama ulivyoizibia siku zote.

Jumapili ile, uwanja wa kanisa haukuzungumzia injili. Vijana wa ng'ambo waliwauliza wa Lyamoro kama wameanza kufuga njiwa wa kupeleka ujumbe. Wengine walimlaumu Melkior kwa ukaidi, wengine wakamtazama Anyesi tu, na hilo lilimchoma zaidi. Alipokuwa akitoka langoni, Priska, mke wa Melkior, alimshika mkono.

“Kila jioni anaifungua ile simu,” Priska alimwambia. “Anaitazama, anaifunga tena. Anautaka mnara huo kuliko wewe, Mama Pamela. Lakini hutamsikia akisema.”

Anyesi hakwenda Posta siku hiyo. Alirudi nyumbani, akavua nguo za kanisani, akaingia bandani kuzoa samadi, kwa kuwa hasira zake zilipenda kazi. Na pale kwenye lundo, juu ya takataka na maganda ya ndizi, alilikuta isale. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu alipolitupa. Majani ya chini yalikuwa yamekauka. Lakini kwenye kichwa chake lilikuwa limechipua majani mapya, mabichi, yaliyonyooka, na mizizi yake ilikwisha kuishika samadi.

Alijua kinachompasa, na tangu siku ya kwanza alikuwa akijua. Katika nchi ile, aliyekosa humpelekea aliyekosewa isale kwa mkono wake mwenyewe, na aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Hakuna muhuri wa mtendaji wenye nguvu hiyo. Kilichomzuia Anyesi ni kwamba alikwisha kutangaza mbele ya watu kwamba ni jani tu. Akilibeba sasa, na yeye mwenyewe atakuwa ameubeba uongo wake hadharani. Angeweza kumpelekea Melkior jioni, kwa siri, wakaelewana migombani bila shahidi. Lakini kosa alilifanya mchana, na maneno aliyasema mchana.

Jumatatu asubuhi gari lilikuwa limesimama chini ya njia, injini ikinguruma. Januari alikuwa ametazama saa mara kadhaa. Mwenyekiti alikuwepo, mtendaji alikuwepo, na vijana wa ng'ambo walikuja makusudi waone mnara ukihamia kwao. Melkior alikuwa juu ya kigoda chake. Anyesi alitoka migombani amefunga kitambaa kichwani, isale likiwa katika mikono yake miwili, samadi ikidondoka kwenye mizizi. Dereva, ambaye kwao ni Machame na aliyajua mambo hayo, alizima injini bila kuambiwa.

“Baba Martin,” Anyesi alisema, “nimelileta.”

“Umeleta nini?”

“Lile lile la mzee. Nililitupa kwenye samadi, nalo likakataa kufa.”

Melkior alilitazama chipukizi, kisha akamtazama yeye.

“Nani alisema ni jani tu?”

“Ni mimi.”

“Nao wale wa kwenye gari wasikie.”

Anyesi aliinua sauti. “Ni mimi niliyesema ni jani tu. Nilikosea. Nisamehe, shemeji.”

Mzee alinyoosha mikono akalipokea. Alilipapasa shina lake kama anayempapasa ndama aliyeokotwa, na midomo yake ikacheza kidogo.

“Nilikutarajia tangu siku ya pili,” alisema. “Umenikalisha juu ya kigoda hiki mpaka kiuno kimekufa. Sasa niinue.”

Walicheka wote, hata wa ng'ambo. Anyesi alimwinua. Melkior alipiga hatua kuingia upande wake mwenyewe, akapita mbuni wa kwanza, akachoma fimbo ardhini, akasema mpaka utakaa pale, gari lipate nafasi ya kutosha na isale lisiguswe tena. Walilipanda pamoja, yeye akishika shina na Anyesi akifukia kwa mikono. Kisha mzee akampungia dereva kama askari wa barabarani.

Kazi haikuishia hapo. Daraja la magogo juu ya mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji ya mlima mashambani, halikuweza kubeba lori lenye vyuma vya mnara. Januari alitaka kuagiza mtambo kutoka mjini. Mwenyekiti alimwambia akae kivulini, akapigisha kengele ya msaragambo, kama inavyopigwa siku ya kuzibua mfongo, na kila nyumba ikatoa mtu. Vyuma vilipandishwa mabegani. Wanawake walibeba saruji na mchanga vichwani, na Priska alisimama na pipa la mbege, pombe ya ndizi, kwenye kona mbaya kuliko zote, akikataa kumpa yeyote aliyeweka mzigo chini. Siku ya pili watu wa ng'ambo waliingia mstarini bila kualikwa. Walisema mnara utawaona na wao pia, na kwamba mbuzi wao alikuwa amekwisha kuzoea wazo la kuchinjwa. Walikuja naye.

Mnara ulisimama. Siku ulipowashwa, mvua ya vuli ilikuwa imetoka kukatika, na kilele cha Kibo kikaonekana chote, cheupe. Anyesi alikuwa akichuma kahawa karibu na mpaka aliposikia kitu kinalia katika nyumba ya Melkior, kikalia tena na tena, kisha sauti ya mzee ikavuma migombani kana kwamba Mbeya iko ng'ambo ya korongo na yeye ndiye anayepaswa kuifikia kwa mapafu yake.

“Marahaba! Marahaba, mwanangu! Nimekaa kitini! Nakwambia, nimekaa kitini kwangu!”

Hakupanda kilima. Hakusimama juu ya jiwe. Alikaa kitini kwake, goti bovu limenyooshwa, akasikia habari zote za mwanawe hadi mwisho, wala hapakuwa na mtu wa kukohoa nyuma yake.

Anyesi alijifuta mikono kwenye khanga, akatoa simu yake. Alipita kati ya mibuni hadi kwenye kaburi la Vedastus, akasimama hapo, akampigia Pamela. Binti alipoitika akashangaa kusikia majani ya migomba yakipigwa na upepo, akamuuliza mama yake yuko wapi.

“Niko nyumbani, kwa baba yako,” Anyesi alisema. “Laini yake imefika.”