Fainali Iliyofaulishwa

Kuna institut supérieur moja huko Butembo, jina lake tuliache, maana wakubwa wake wanajua kusoma na wanajua kukasirika. Mwaka huu wasichana wake wa basket walifanya maajabu. Timu ambayo tangu ianzishwe ilikuwa haijashinda hata mechi ya kirafiki ilishinda mechi tano mfululizo. Katika nusu fainali iliwapiga wasichana wa chuo cha Beu 61 kwa 40, ikaenda kucheza fainali na chuo kimoja cha Beni, na huko ikashindwa 48 kwa 49. Pointi moja tu, jamani.

Kaswera, kapteni wao, alilia njia nzima toka Beni hadi Butembo. Walipofika akapangusa macho, akawaambia wenzake kwamba wa pili wenye furaha namna hii hawajapata kuonekana. Na alisema kweli, maana hata Providence alikuwa amefunga. Huyo Providence ni msichana mnene wa roho nzuri, aliyekalia benchi msimu mzima akichunga chupa za maji. Alipoingizwa dakika mbili za mwisho za nusu fainali, alifumba macho, akatupa, mpira ukaingia. Alipiga magoti palepale kumshukuru Mungu, na mechi ikaendelea kumzunguka.

Lakini Directeur Général, mkuu wa chuo, hakuridhika. Cérémonie ya kufunga mwaka ilikuwa imekaribia, mialiko imeshatumwa mpaka kwa meya, na «wa pili» si neno la kuandika kwenye banderole, kile kitambaa kirefu cha matangazo. Akamwita Secrétaire académique, Monsieur Zorobabel, mwenye miwani jozi mbili na mihuri mitatu, ambaye kwa miaka kumi na minane ndiye aliyeongoza délibération za mitihani. Nanyi mnajua délibération ni kitu gani. Mwanafunzi akipata tisa kwa ishirini, jury, yaani kamati ya walimu, inajifungia ndani, inachota pointi kutoka somo lililoshiba, inaziweka katika lile lenye njaa, na mtoto anapita. Msicheke, nusu ya wakubwa wetu walipitia mlango huo.

Zorobabel aliitazama karatasi ya fainali, akauona ugonjwa mara moja. 48 iko chini ya hamsini kwa mia, alama ya kufaulu, kwa hiyo timu yetu ilianguka. Lakini 49 nayo iko chini ya hamsini, kwa hiyo hata Beni walianguka! Fainali nzima haina aliyefaulu, na watu wamerudi nyumbani bila jury kukaa? Basi jury ikakaa. Walikuwa wanne, na soda zao, saa tatu nzima. Wakaamua kuchota pointi mbili kutoka nusu fainali, ambako zilikuwa nyingi kupita lazima, na kuzihamishia kwenye fainali. 61 ikawa 59, 48 ikawa 50. Sisi tumefaulu, Beni wamebaki na 49 yao. Na kwa kuwa Zorobabel ni mtu wa utaratibu, alitaka iandikwe pia pointi hizo mbili zimetoka kwa nani. Akatafuta jina lisiloweza kuleta kelele, akapiga mstari juu ya lile la Providence.

Jumatano Kaswera akaitwa kwenye bureau ya Zorobabel, akaelezwa yote polepole na kwa adabu. Alidhani wanamtania. Akajaribu kusema kwamba mchezo si mtihani, na kwamba watu wa Beni walikuwepo na wana macho. Zorobabel akavua miwani.

«Kaswera, mutoto wangu, siku ya cérémonie utatoa mot de remerciement. Mufupi tu. Utashukuru jury kwa ushindi. Wewe uko finaliste, mwaka wa mwisho, na mu Statistique uko na tisa. Nimekuandikia kumi, mais na crayon, yenye inafutika. Bic, ile ya wino, itakuja kisha mot yako.»

Hapo ndipo alipokamatwa. Mama yake, Mama Élise, analima viazi kule Kalunguta, na Kaswera ndiye binti wa kwanza katika ukoo wao kufika mwaka wa mwisho. Mama alikuwa ameshatangaza kanisani. Chorale yote ilikuwa imeshona kitambaa kimoja, na kuku wanne walikuwa wamefungwa miguu tayari kwa safari ya mjini. Kwa tisa ile, Kaswera angerudia mtihani kwa session ya pili mwezi wa tisa, na mama yake angeaibika mbele ya waimbaji ishirini na sita. Yote hayo kwa pointi moja!

Alimweleza Providence, maana alishindwa kubaki nalo moyoni. Providence akajibu bachukue tu, yeye mwenyewe anajua kwamba iliingia. Halafu akainama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa kandambili. Kaswera alirudi nyumbani akijichukia.

Jumamosi ikafika. Maturubai yalisimamishwa, na banderole ya CHAMPIONNES ikafungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Wasichana wa Beni nao walikuwa wamealikwa kwa barua nzuri yenye maneno «réception ya heshima», wakaja na kombe lao, wakidhani wanakuja kupongezwa. Victoire, kapteni wao, alilipakata magotini. Directeur Général akasimama kusoma matokeo ya msimu, mechi moja moja, na alipofika mwisho akasema kwamba, kwa uamuzi wa jury, fainali ni 50 kwa 49. Wasichana wa Beni wakacheka, wakidhani baba mkubwa anapenda utani. Ndipo akamwomba Victoire alete kombe mbele. Victoire hakumtazama Directeur, alimtazama Kaswera.

Kaswera akapewa mikro. Mama yake alikuwa mstari wa tatu, katikati ya chorale, ameshika kitabu cha nyimbo. Zorobabel alikuwa mezani na orodha, bic yake imeshavuliwa kifuniko. Tusimpambe msichana wa watu, aliogopa sana. Akaanza vizuri. Akamshukuru Mungu, akamshukuru Directeur, akaishukuru jury kwa kazi yake. Lilikuwa limebaki neno moja tu, ushindi. Kwa bahati mbaya akatupa jicho nyuma, akamwona Providence anapiga makofi kuliko watu wote.

«Tulishindwa,» akasema. «Beni balitushinda, 49 kwa 48. Kombe ni yabo. Na mu nusu fainali tulipata 61, hapana 59. Ile mbili ni ya Providence.»

Zorobabel akafunika bic yake, akatoa kifutio mfukoni, akaifuta ile kumi taratibu, akapuliza mavumbi. Wakati wa kusoma matokeo ya mitihani ulipofika, alilisoma jina la Kaswera kwa sauti kubwa kupita mengine yote: Statistique, tisa, ajournée, arudi mwezi wa tisa. Chorale ilikuwa imeshasimama ili kuimba. Wakakaa chini mmoja mmoja, na mmoja wao akanong'ona kwamba huyu mtoto amejichimbia shimo kwa jembe lake mwenyewe. Kaswera alilia mbele za watu, kwa sauti, bila kuona aibu, maana iliuma.

Nyumbani kwa mama yake mdogo, ambako karamu ilikuwa imeandaliwa, alimkuta Mama Élise ameshafika, anasonga bugali. Akaomba msamaha. Mama akaendelea kusonga.

«Ni ngapi ulipata, kweli kweli?» akauliza mwishoni.

«Tisa, mama.»

«Yako mwenyewe?»

«Yangu mwenyewe.»

«Basi utaenda kutafuta moja yenye imebakia. Mais kuku haitangoja mwezi wa tisa. Ita benzako. Na bale ba Beni, bakuje na kombe yabo.»

Wakaja wote. Chorale ikaimba, maana kitambaa kilikuwa kimeshashonwa. Kaswera alikula huku anapiga kwikwi, na Providence akawekewa vipande viwili vya kuku, kwa amri ya mama.

Mara akaingia Monsieur Zorobabel. Alikuwa amealikwa wiki tatu zilizopita, na mwaliko wa chakula ni kitu ambacho jury haijawahi kukiahirisha. Wakampa kiti cha heshima, wakamnawisha mikono, wakamletea bugali mlima mzima na mchuzi. Akatafuta nyama kwenye mchuzi, hakuiona. Akangoja, akakohoa. Mama Élise akaja mbele yake, akapiga goti kwa heshima zote.

«Monsieur Secrétaire, utusamehe. Kuku zilikuwa ine tu, na watu banakuwa bengi. Lakini mu sahani ya Providence kuko vipande mbili. Ukusanye jury, bakuhamishie.»

Kila mtu alimtazama Zorobabel, na Zorobabel akaitazama sahani ya Providence. Providence akaifunika kwa mikono yote miwili, kisha akaendelea kutafuna. Secrétaire akamega bugali, akachovya kwenye mchuzi mtupu, akala.